Mafuta mbadala: yaletwe na soko au na serikali?

Mwanafunzi wa Sera

Ndugu wanajamvi, salamu. Kuna jambo linanitatiza katika masomo yangu, nami ninaomba mwongozo wenu. Mwaka 1973, baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao, bei ya pipa ilipanda katika miezi michache kutoka takribani dola 3 hadi karibu dola 12. Novemba mwaka huo Rais Richard Nixon aliwaahidi Wamarekani kwamba kufikia 1980 nchi yao ingejitosheleza kwa nishati. Ahadi hiyo haikutimia, na kufikia mwaka 2005 Marekani ilitegemea nchi za nje kwa takribani asilimia 60 ya mafuta iliyoyatumia. Wapo wanaosema kosa ni la serikali kuingilia kazi ya soko, na wapo wanaosema soko likiachiwa peke yake halitajiandaa kwa mgogoro ambao bado haujatokea. Je, mafuta mbadala yaletwe na nani? Na kujitegemea kwa nishati maana yake ni kutoagiza chochote kutoka nje?

Mchumi Mstaafu

Mwanangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba hilo la kwanza. Mwaka 2020 Marekani iliuza nje mafuta mengi kuliko iliyoyaagiza, kwa hiyo kwa hesabu ya mapipa ilikuwa imefika pale alipopataka Nixon. Hata hivyo, Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, wastani wa bei ya petroli nchini Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni mwezi Juni. Mapipa yalikuwa yao, lakini bei ilikuwa ya dunia nzima, kwa kuwa mwenye kisima humuuzia anayelipa zaidi, awe jirani au mgeni. Ndiyo maana ninaamini kwamba kujitegemea hakupimwi kwa wingi wa mafuta uliyoyachimba. Kunapimwa kwa urahisi wa kuhama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine pale bei inapokugeuka.

Mfano ninaoupenda ni wa Brazili, nao una sura mbili. Mwaka 1975 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kutengeneza ethanoli ya miwa, yaani alkoholi inayochomwa kwenye injini kama petroli, ikatoa mikopo na ruzuku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa sana ya magari mapya yalikuwa ya kutumia ethanoli tupu. Bei ya mafuta ghafi iliporomoka mwaka 1986. Miaka michache baadaye bei ya sukari ikawavuta wenye viwanda kupeleka miwa kwenye sukari, ethanoli ikaadimika, na waliokuwa na magari hayo wakakwama kwenye foleni bila njia nyingine. Walikuwa wamebadilisha bwana, si utumwa. Sura ya pili ilianza mwaka 2003, yalipoingia sokoni magari yanayopokea petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Tangu hapo dereva hupiga hesabu akiwa kituoni: bei ya ethanoli ikiwa chini ya takribani asilimia 70 ya bei ya petroli, hujaza ethanoli, ikizidi, hujaza petroli. Hapo soko linafanya kazi yake barabara, lakini tusisahau kwamba pampu za ethanoli zilikuwa zimeenea nchi nzima kwa miaka mingi, na hazikuenezwa na soko peke yake.

Mtetezi wa Soko

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini unaipa serikali sifa kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1980 Marekani iliunda shirika la umma la kufadhili mafuta yatokanayo na makaa ya mawe na miamba, likatengewa mabilioni ya dola, na mwaka 1986 likavunjwa, kwa sababu mafuta yale yangekuwa ghali kuliko yale ya kisimani. Sheria ya mwaka 2007 nayo iliagiza kwamba kufikia 2022 yatumike magaloni bilioni 16 kwa mwaka ya mafuta yatokanayo na mabua, majani na mabaki ya miti, na kiasi kilichopatikana hakikulikaribia lengo hilo hata kidogo. Bunge linaweza kuandika tarehe, lakini haliwezi kuuamuru ugumu wa kazi ya kemia upungue. Kilichofaulu ni ethanoli ya mahindi, ambayo leo inachukua zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani, na kila anayejaribu kuigusa hukutana na upinzani wa wanaofaidika nayo. Serikali ikichagua mshindi, mshindi huyo hang'oki tena.

Fundi Injini

Ninaongeza la kiufundi tu. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko lita ya petroli, na ndiyo asili ya asilimia 70 aliyoitaja mzee. Pia ethanoli hunyonya maji, na hula baadhi ya mipira na metali, kwa hiyo gari linahitaji mipira, mabomba na pampu vinavyoihimili. Kuviweka kiwandani ni gharama ndogo. Kuvibadilisha baadaye ni kazi kubwa.

Mwanafunzi wa Sera

Ninawashukuru sana. Sasa ninaona kwamba swali langu la kwanza lilikuwa na kasoro. Lakini vipi kuhusu umeme wa jua na magari ya umeme? Zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kutengeneza paneli za jua hufanyika China. Je, huko si kuhama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine?

Mchumi Mstaafu

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba utegemezi hauna uzito mmoja. Meli ya mafuta isipofika, tatizo hufika kwenye vituo kwa muda mfupi, na ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoundwa mwaka 1974, huwataka wanachama wake wawe na akiba inayolingana na siku 90 za uagizaji. Paneli zisipofika, unachelewa kujenga mpya, lakini zile ulizokwisha kuzifunga zitaendelea kutoa umeme kwa miaka 25 au zaidi. Gari la umeme nalo halijali umeme umetoka kwenye maji, upepo, gesi au jua, na hiyo ndiyo hiari niliyoizungumzia tangu mwanzo.

Kwako, Mtetezi wa Soko, ninakubali bila kinyongo kwamba serikali haipaswi kuchagua mafuta. Ninachoitaka ifanye ni kile alichokigusa Fundi: iweke sharti kwamba injini za petroli zitoke kiwandani zikiwa tayari kupokea mafuta zaidi ya aina moja. Kampuni ya magari haina sababu ya kuongeza mipira hiyo pale pasipokuwa na pampu za ethanoli, na mwenye kituo haweki pampu pale pasipokuwa na magari. Katika kusubiriana huko, petroli hushinda bila kushindanishwa na chochote.

Mtetezi wa Soko

Sharti la namna hiyo, lisilotaja mafuta fulani na lisilo na ruzuku nyuma yake, ninaweza kuliunga mkono. Ila liwe na muda maalumu wa kupitiwa upya, na muda huo uandikwe ndani ya sheria yenyewe.