Mrejesho: IST ya Chumbageni nimeiacha

Ndugu zangu, niliuliza kama gari aina ya Toyota IST ya 2004 inayouzwa Chumbageni, hapa Tanga, kilomita 78,000 na rangi inang'aa, inafaa kununuliwa. Mlisema: ikaguliwe injini ikiwa baridi, ipandishwe jeki, namba ya chasisi ilinganishwe na kadi. Ahsanteni sana.

Namba zilikuwa sawa. Kwenye rejeta, injini ikiwa bado ya baridi, maji yalikuwa ya kahawia na juu yana utando wa oili. Fundi anashuku gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini. Hata ikiwa nzima, maji yenye kutu huziba rejeta na injini huchemka.

Kubwa zaidi lilikuwa chini. Kumepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, na hiyo pekee ni sababu ya kuuliza, maana huku kwetu hewa ya chumvi hula bati kutokea ndani. Fundi aligonga kwa mpini wa bisibisi chini ya milango: upande wa kulia unalia vizuri, kushoto sauti imekufa. Alipokandamiza ncha, ikazama. Kuchomelea bati jipya pale ni kazi ya kukata, si ya kupaka.

Kilomita nazo siziamini. Raba ya pedeli ya breki imelika hadi chuma na stelingi imekuwa laini kama kioo. Kilomita 78,000 hazifanyi hivyo.

Sijatoa hata shilingi ya kishika gari. Jumamosi naangalia nyingine Ngamiani, na tunaanzia chini kabla ya kufungua boneti.