Mizoga ya ajabu ufukweni: viumbe wasiojulikana, au nyangumi na papa waliooza?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nafungua mada hii kwa sababu kila baada ya muda video za aina ileile zinarudi kwenye simu zetu: dude kubwa jeupe limelala ufukweni, halina macho wala mdomo, limeota kitu kama manyoya, na watu wamelizunguka wameziba pua. Chini yake ubishi ni ule ule. Wengine wanasema ni kiumbe cha kilindini ambacho wanasayansi wanakificha. Wengine wanaandika "nyangumi huyo" na kupita zao. Naomba tujadili: tunajuaje nani yuko sahihi? Na mzoga wa namna hiyo ukitupwa pwani yetu, ufanyiwe nini kabla ya kufukiwa?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mizoga ya ajabu inayotajwa sana, pale ilipochunguzwa kwa kina, imeonekana kuwa ya nyangumi au papa. Lakini anayesema "nyangumi huyo" kwa kutazama picha tu naye anabahatisha, tena anatudhulumu sote, maana neno lake ndilo linalofanya mzoga ufukiwe bila mtu kukata hata kipande.

Tuanze na kisa kinachosambazwa kuliko vyote. Tarehe 25 Aprili 1977 meli ya uvuvi ya Japani, Zuiyo Maru, ilikuwa ikikokota wavu mashariki ya Christchurch, New Zealand. Kutoka kina cha mita 300 hivi ukapanda mzoga wa mita 10, wenye uzito wa karibu kilo 1,800: kichwa kidogo, shingo ndefu, mapezi manne makubwa, mkia mwembamba. Ulinuka na kudondosha majimaji ya mafuta juu ya sitaha. Nahodha akahofia samaki wake wataharibika, akaamuru utupwe. Mtu mmoja melini, Michihiko Yano, aliwahi kupiga picha 5 na kupima: kichwa sentimita 45, shingo mita moja na nusu, mkia mita 2. Halafu akafanya jambo lililokuja kuwa na maana kuliko picha zote. Alichomoa nyuzi ngumu kwenye ncha ya pezi la mbele, akazitunza.

Habari ilipotoka Julai mwaka ule, Japani nzima ilizungumzia plesiosauri, mtambaazi wa baharini wa zama za dinosaria. Meli zikaagizwa ziutafute tena ule mzoga, wapi. Zile nyuzi ndizo zilizokwenda maabara. Protini yake ilikuwa elastoidini, ile ya mapezi ya papa na taa, na uwiano wa asidi-amino ulilingana na wa papa mmoja mkubwa wa maji ya baridi, *Cetorhinus maximus*, anayekula kwa kuchuja vijidudu vya baharini kama potwe wetu wa Mafia.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoachwa. Papa anapataje shingo ndefu? Hana mifupa, ana gegedu. Huyu wa kuchuja ana mipasuo ya mashavu mirefu kiasi kwamba inakaribia kukizunguka kichwa kizima, na taya lake limeshikiliwa na nyama tu. Akifa na kuoza, taya na mashavu huanguka mapema. Kinachobaki mbele ni bweta dogo la ubongo kwenye ncha ya uti wa mgongo: hicho ndicho "kichwa kidogo" na hiyo ndiyo "shingo". Nyuma, uti wa mgongo wa papa huingia kwenye panda ya juu ya mkia peke yake, hivyo panda ya chini hudondoka na mkia kubaki mwembamba. Ngozi ikichunika, nyuzi za mapezi na za misuli huchanuka, nasi tunaona "manyoya". Na kama ni dume, vile viungo vyake viwili vya uzazi karibu na mapezi ya nyuma huning'inia kama miguu.

Ndiyo maana mzoga uliotupwa kisiwa cha Stronsay, kaskazini ya Scotland, mwezi Septemba 1808, ulielezwa kuwa na miguu sita. Walioushuhudia walikula kiapo mbele ya mahakimu. Wasomi wa Edinburgh wakaupa jina la kisayansi, *Halsydrus*, wakiamini ni nyoka mkubwa wa baharini. Huko London daktari Everard Home akachunguza pingili za uti wa mgongo zilizotumwa kwake, akasema: papa.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji kutoka Tanga

Mleta mada, heshima yako. Umeeleza vizuri, lakini umeruka jambo ambalo mtu wa Tanga hawezi kuliruka. Silikanti! Vitabu vilisema samaki yule alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini akiwa mzima. Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku zote na kumwita gombessa. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2003, wamenaswa wengi kwenye majarife yanayotegwa maji marefu, mpaka serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Sasa niambie: kama samaki wa kimo cha mtu aliweza kujificha kwa wasomi muda wote huo, nani ana uhakika kwamba hakuna kingine?

La pili. Hao wasomi wenyewe hawaelewani. Mwaka 1896 pale St. Augustine, Florida, lilitupwa pande kubwa la nyama. Profesa Addison Verrill wa chuo cha Yale akasema ni pweza mkubwa ajabu, akampa na jina, *Octopus giganteus*. Baada ya miezi michache akageuka, akasema nyangumi. Mwaka 1971 wakaja wengine na hadubini zao: pweza! Halafu tena nyangumi. Mvuvi akibadili kauli mara tatu namna hiyo, mtamwita mwongo. Msomi mnamwita mtafiti.

La mwisho, na hili ndilo zito. Mzoga wa Stronsay ulipimwa futi 55, karibu mita 17. Papa wako mkubwa kuliko wote aliyepata kupimwa vizuri hafiki mita 13. Zile mita nyingine zilitoka wapi?

Mleta mada

Shekhe wangu, umenipiga pazuri, na nashukuru umeleta silikanti, kwa sababu hakuna kisa ninachokipenda kuliko hicho.

Angalia kilichotokea. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, alikwenda bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya nahodha Goosen. Akaona pezi la buluu limechomoza kwenye rundo. Hakujua ni samaki gani, lakini alikataa kumwacha. Ilikuwa joto kali la kiangazi cha huko. Alitafuta pa kumgandisha, hata chumba cha maiti kikamkatalia. Ikabidi samaki apelekwe kwa fundi wa kukausha wanyama, matumbo yakatupwa, ngozi ikabaki. Alichora mchoro, akampelekea barua J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Smith alipoutazama ule mchoro alishtuka, lakini hakutangaza lolote kwa uzito mpaka alipomwona samaki mwenyewe Februari 1939. Kisha akamwita *Latimeria*, kwa heshima ya yule mama. Matumbo yaliyotupwa yakawagharimu wasomi miaka 14 ya kungoja, hadi wa pili alipopatikana Komoro Desemba 1952.

Kwa hiyo silikanti hakukubalika kwa sababu wasomi walikuwa wepesi wa kuamini. Alikubalika kwa sababu mtu alikataa kuuacha mwili uende. Tena tazama: alipatikana mzima, magamba yake, macho yake, kila kitu. Hawa wa video zetu mbona kila siku wanakuja wameoza? Kama kuna jamii nzima ya viumbe hao huko chini, ingefaa siku moja aje mmoja akiwa bado ana uso.

Kuhusu Verrill, umenisaidia. Alipotangaza pweza alikuwa hajagusa nyama, alitegemea barua na picha. Alipotumiwa kipande, akabadilika. Waliokuja baadaye waliweza kumpinga, wakapingwa nao, kwa kuwa kipande kilikuwa bado kwenye chupa ya makumbusho. Mwaka 2004 watafiti walikipitia kwa hadubini ya elektroni na kuchambua protini zake, wakakuta kolajeni, nyuzi zile zinazoshikilia mafuta ya nyangumi chini ya ngozi. Katika kazi hiyohiyo walipima dude la Chile la Julai 2003, mita 12 na tani 13, ambalo nalo lilidaiwa kuwa pweza. Vinasaba vyake vilikuwa vya spemaseti, yule nyangumi mwenye meno na kichwa kikubwa. Mzoga ukielea majini muda mrefu, mifupa huzama, na hilo guo la mafuta na nyuzi hubaki likielea lenyewe. Ndiyo maana halina umbo.

Ndugu yangu, mvuvi anayebadili kauli akiwa ameshika ushahidi mkononi nami nitamheshimu hivyohivyo.

Mchangiaji kutoka Kilifi

Wadau, mnaongea kama watu wasiowahi kuishi karibu na mzoga. Mimi nyumba yetu iko hatua chache kutoka pwani. Dude likitua, siku ya pili watoto hawali, siku ya tatu nzi wako mpaka kwenye mtungi wa maji. Mtu wa ofisi ukimpigia anasema "fukieni". Na kuna wanaokuja na visu kutafuta mafuta na nyama. Mnakumbuka Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba, watu 9 walikufa kwa kula kasa, 8 kati yao watoto. Huyo alikuwa kasa, mnyama tunayemjua. Sasa hili lisilojulikana? Kwangu lifukiwe haraka, ubishi mwendelee nao baadaye.

Halafu mleta mada, Margate je, Afrika Kusini, 1924? Watu waliona dude jeupe lenye manyoya na mkonga likipigana na nyangumi baharini. Wote walikuwa vipofu?

Mleta mada

Dada yangu, sitaki mzoga ukae hata siku moja zaidi ya lazima. Wala sitaki mtu aonje. Lakini kukata sampuli ni kazi ya dakika chache kabla ya kufukia.

Margate ni mfano wa hasara ninayoisema. Dude lile lilisemekana kulala ufukweni siku kumi, hakuna mwanasayansi aliyefika, na bahari ikalichukua. Picha zake zilikuja kujulikana mwaka 2010 tu, nazo zinaonyesha pande la nyama lisilo na umbo, linalofanana na lile la Chile. Mashahidi naamini waliona kitu kweli. Nyangumi muuaji akirarua mzoga unaoelea, kwa mtu aliye ufukweni inaonekana vita. Lakini hayo ni maoni yangu, siwezi kuyathibitisha, na hakuna atakayeweza.

Sasa linganisha na New Zealand, Desemba 2010, ufukwe wa Opape. Nyangumi wawili wadogo walitupwa, mama na mtoto. Waliokuwepo walidhani ni aina ya kawaida ya huko, wakawafukia, ila walikata sampuli kama utaratibu wao unavyotaka. Vinasaba vilipopimwa ilibainika ni aina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuandika kwamba ameiona mwili mzima, *Mesoplodon traversii*, iliyokuwa ikijulikana kwa vipande vya mifupa vichache tangu taya moja la mwaka 1872. Ikabidi warudi kufukua. Julai 2024 alipotupwa mwingine Otago, waliwahi kumweka kwenye baridi, na wenyeji wa Kimaori wakashiriki kumpasua.

Kwa hiyo sisemi bahari haina jipya. Nasema jipya lenyewe lilikaribia kupotea kwa neno "tunamjua huyo".

Kwetu haihitaji maabara ufukweni. Weka kasia kando ya mzoga ili ukubwa uonekane, piga picha pande zote. Vaa glavu, na usiguse tumbo lililovimba, gesi yake ikipasuka inaumiza. Kata kipande cha mzoga chenye ukubwa wa kidole gumba, ngozi na nyama pamoja, ukifukie ndani ya chumvi nyingi kwenye chupa safi, au kwenye alkoholi ukiipata. Formalini hapana, inaharibu vinasaba. Kama kuna jino, pingili ya uti au ncha ya pezi, chukua. Andika tarehe na mahali. Kabidhi BMU yako, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, nao wapeleke kwa watafiti wa uvuvi na bahari: TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya au Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Hoja yangu ni kwamba BMU zipewe wajibu huu kimaandishi, pamoja na chupa na chumvi.

Mchangiaji kutoka Tanga

La chumvi naunga mkono, hata kesho nitalipeleka kwa wenzangu. Futi 55 hujajibu.

Mleta mada

Kweli sijajibu, shekhe. Pingili zinasema papa, na pingili ninaziamini kuliko kamba ya kupimia. Home alidhani walikosea kipimo. Lakini mzoga ulivunjwavunjwa na dhoruba kabla mwingine hajaupima, kwa hiyo kama unashikilia kwamba palikuwa na papa mkubwa kuliko tunaowajua, siwezi kukutoa hapo. Mimi nabaki kwenye kipimo kibaya. Wengine mnasemaje?