Mwanafunzi kasema maji ya moto yanawahi kuganda, nikamcheka. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kata: Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha pili. Juzi kijana mmoja alisema mama yake anauza barafu za ubuyu, na ubuyu ukiingizwa kwenye friji ungali wa moto unawahi kuganda kuliko uliopoa. Nikamjibu, "Hiyo ni fizikia ya kwenu." Darasa likaangua kicheko.

Usiku usingizi ukakata. Si ndivyo alivyoambiwa Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Kitanzania? Mwaka 1963, pale sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa moto, yakaganda mapema. Alipouliza baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisa hiki nakisimulia darasani kila mwaka!

Jumamosi nikajaribu kwenye friji ya jirani. Mara mbili ya baridi yakatangulia, mara moja ya moto. Nimwombe radhi kijana, au nisubiri nipate uhakika?

Mama Ubuyu: Hiyo friji ina barafu iliyoganda chini? Kikombe cha moto huiyeyusha kikakalia bati lenyewe, cha baridi kinabaki kama kimelala juu ya godoro. Friji yangu nikiikwangua, tofauti siioni.

Kipimajoto: Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walilirudia jaribio Uingereza, hawakupata ushahidi. Walionyesha kwamba ukikosea kimo unapoweka kipimajoto ndani ya maji kwa sentimita moja tu, unaweza kupata jibu jingine. Kwa hiyo labda kijana kakosea.

Mzee wa Iringa: Akosee, asikosee, radhi aombwe. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar, alipozuru Mkwawa, Mpemba alimuuliza: maji ya nyuzi 35 na ya 100, mbona ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakamcheka. Osborne hakuamini, ila alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kwamba ya moto yametangulia, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Hapo huwa nacheka peke yangu. Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja mwaka 1969.

Mwalimu wa Kata: Nimemwomba radhi leo, mbele ya darasa zima. Nikamweleza na jaribio langu. Akaniuliza, "Mwalimu, vikombe ulivifunika?" Cha moto nilikifunika, cha baridi sikukifunika. Jumamosi narudi kwa jirani.