Mtoto aliyefiwa na mzazi, mlimwambiaje? Tupeane uzoefu

MamaMdogo_Kisauni
Jamani, dada'ngu ametutoka wiki mbili sasa, katuachia kijana wa miaka 4. Kila magharibi yuko barazani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi: "Mama aja saa ngapi?" Nyumba nzima imekubaliana kusema yuko hospitali. Mimi nimechoka. Nyinyi mlifanyaje?

Mvuvi_Mtongwe
Poleni. Mwambieni ukweli.

BintiMajengo
Ukweli kwa wa miaka 4? Mwacheni akue kwanza.

MjaneLikoni
Umenitonesha. Mume wangu alipokufa mwanangu alikuwa na miaka 5. Mimi niko eda, miezi 4 na siku 10, huku nyuma wakwe wakamwambia baba kasafiri. Mwezi haujaisha, wifi akatoka naye kwenda mjini. Pale ferini watu wanashuka, akaona mwanamume mwenye mgongo mpana, shati la buluu la kazini kama la babake. Akauchomoa mkono. Wifi asema alisikia "Baba!" mara moja tu, umati ukammeza. Walimkuta ameikumbatia miguu ya yule bwana, na bwana mwenyewe analia kumshinda mtoto.

Usiku nikamkalisha. Baba amekufa, hapumui, hali, hasikii baridi, harudi. Akaniuliza, "Ni kwa sababu nilivunja redio yake?" Siku zote hizo amelibeba peke yake! Nikamwambia ni moyo uliougua, redio haiui mtu. Akanyamaza, halafu akataka mahamri.

BabaPacha
Subhanallah. Nasoma niko kwenye tuktuk, dereva ananitazama kwa kioo.

Mwalimu_Chekechea
Na msiseme "amelala". Nilikuwa na mmoja darasani, ukitandika mkeka wa kulala mchana anapiga mayowe. Kumbe kwao aliambiwa babake kalala. Akirudia kukojoa kitandani pia, msimchape.

Kijana_Changamwe
Sisi wetu tulimpeleka mazikoni, akatupa udongo kwa mkono wake. Hakuuliza tena.

BintiMajengo
Hayo ya kwenu bara. Huku wanawake hatwendi makaburini, ampeleke nani?

Kijana_Changamwe
Kwani hana wajomba? Na bara ni wapi, mimi nimezaliwa hapa hapa!

Mvuvi_Mtongwe
Mpeni samaki wa kupaka, kisha mumwambie. Nyinyi wawili pia mle.

BabaPacha
MjaneLikoni, yule bwana wa shati la buluu je?

MjaneLikoni
Tulimwita hitma ya arobaini, akaja na halua. Mwanangu alimpita kama hamjui.

BintiMajengo
Mimi bado nasema ni mdogo. Lakini hilo la redio limenikaa.

MamaMdogo_Kisauni
Nimemwambia leo asubuhi. Swali lake moja: nani atamfunga kiatu cha pili. Nikachutama nikamfunga. Sasa magharibi yaingia, yuko barazani, ameshaniuliza tena mara mbili.