Nataka kumpeleka Mzee kula mchana Hoteli ya Reli hapa Tabora, Mama hataki kusikia. Nifanyeje?

Mwana Gengi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri, hasa wenyeji wa Tabora na wale mliowahi kuwatoa wazazi wenu wa umri mkubwa.

Mzee wangu ni mstaafu wa reli. Hakuwa bosi, alikuwa gengi la njia: kubadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, kukaza reli, kuzibua makalavati wakati wa masika. Alianza enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipovunjika 1977 akaendelea na Shirika la Reli (TRC) mpaka alipostaafu. Sasa yuko nyumbani Gongoni. Magoti yanamsumbua, sukari ipo, lakini akili bado inakata vizuri tu.

Mwezi ujao dada anatoka Dar na kaka anatoka Mwanza. Tumekubaliana tumtoe Mzee, tukale naye mchana mahali pa heshima. Mimi nimependekeza ile hoteli ya zamani karibu na stesheni, jengo la Mjerumani, ambayo siku hizi ni Orion lakini wazee bado wanaiita Hoteli ya Reli. Nimeipendekeza kwa sababu juzi kati tulipita pale na bajaji, Mzee akaangalia akasema, "Hapa nimepita nje ujana wangu wote. Ndani sijui hata kukoje." Akacheka, akaanza kumsema dereva kwa kukimbiza bajaji kwenye mashimo.

Mama hataki. Anasema hiyo hela tununue mbolea. Nikimbana anasema tutamtia baba aibu: anakula kwa mkono, amezoea mkekani, meno ya mbele hana, uma na kisu hajawahi kushika. Mzee ni mswalihina pia, na hoteli kubwa haikosi baa. Mwenyewe ukimuuliza anajibu, "Mimi nakula popote." Wanaomjua wanajua hilo jibu linaweza kuwa ndiyo au hapana.

Tutakuwa watu saba na wajukuu wawili humo humo. Bajeti laki mbili. Nipeni mawazo.

Kiloleni Junior

Mpeleke. Uzi ufungwe.

Chumvi Nyingi

Mkuu niseme ukweli? Nyie mnataka picha za status. Mzee hajawaomba hoteli, kasema tu hajui ndani kukoje. Mimi nikisema sijui Ikulu ndani kukoje, si kwamba naomba kulala huko. Pikeni pilau nyumbani, mumkabidhi hiyo laki mbili mkononi, mtaona dua atakazowapigia.

Mwana Gengi

@Chumvi Nyingi nimekusikia, ila laki mbili tukimpa mkononi kesho yake inakuwa bati la msikiti na ada ya mtoto wa jirani. Namjua. Pilau ya nyumbani anakula kila Idi.

Bintimanyema

Kaka, samahani, nimesoma mara mbili maana kuna kitu hukukiona. Umeandika kirefu kuhusu Mzee. Mama umemtaja kama kizuizi tu.

Mimi mama yangu aligoma hivyo hivyo tulipotaka kumpeleka hoteli moja ufukweni Dar. Aibu ya baba, aibu ya baba, kumbe hana kiatu. Alikuwa na ndala na viatu vya msibani basi. Hakutaka kusema mbele ya wakwe. Mama wa Kitabora hawezi kukwambia "mwanangu sina nguo ya kuingilia pale", atakwambia mbolea.

Mtume dada yako, si wewe. Akae naye jikoni wakichambua mboga, amuulize polepole. Kisha mnunulieni doti ya kitenge mapema, ishonwe kwa fundi wake mwenyewe, na viatu vya chini visivyobana. Ukimaliza hilo, njoo tena na habari za mbolea.

Kiloleni Junior

Bintimanyema kaua.

Jikoni Kwangu

Nimefanya kazi ya hoteli miaka mingi, ukumbini na jikoni, mikoa tofauti. Nakupa mambo ya kazi, mapenzi mtamalizana wenyewe.

Kwanza usiende na watu saba hivi hivi ukategemea menyu. Hoteli nyingi za mikoani menyu ina kurasa sita na jikoni kuna vitu vinne. Nenda mwenyewe siku mbili tatu kabla, muombe meneja au mkuu wa ukumbi, mwambie wazi: nina mzee wa reli, nataka kumlisha hapa. Utashangaa watu wanavyojituma wakijua kuna mzee. Agiza chakula kabisa. Kuku wa kienyeji akiagizwa mezani mtakaa mpaka wajukuu walale, yule anahitaji kuchemka kwanza. Akiagizwa jana yake, mnamkuta laini, na Mzee asiye na meno ya mbele anamla bila kuhangaika. Omba ugali, kisamvu cha karanga, mlenda kama yeye ni mtu wa mlenda. Usione haya kuomba mlenda hotelini. Wapishi wenyewe ndicho wanachokula kule nyuma.

Bei ulizia hapo hapo, mtu kwa mtu, na vinywaji ndani. Lipa nusu, chukua risiti.

Pili, meza. Muombe ya barazani au bustanini, si ukumbini. Nje watu wanakula wanavyotaka, hakuna anayehesabu tonge la mwenzake. Ukumbini kuna vile vitambaa vilivyokunjwa kama kofia ya askofu, na uma tatu zimepangwa, hapo hata mimi niliyekuwa nazipanga nilikuwa nakosa raha. Waambie meza yenu isipangwe uma kabisa. Sio ya Mzee peke yake, ya wote saba. Na maji ya kunawa yaletwe mezani, birika na beseni, aanze Mzee. Mkishanawa wote kwa mkono, habari ya uma imeisha.

Tatu, kiti. Watu wanasahau kiti. Sofa za bustanini ni za chini na zinadidimia. Mtu wa magoti akikaa hapo kunyanyuka ni mpaka avutwe mikono miwili mbele ya watu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mtakieni kiti cha mbao chenye mikono. Pita pia uangalie ngazi ziko wapi na choo kiko umbali gani.

Baa usiogope. Ukiomba meza ya mbali na baa utapewa. Nyama ulizia imechinjwa na nani, ni swali la kawaida kabisa Tabora, hakuna atakayekushangaa.

Siku epuka Jumamosi. Harusi, semina, muziki wa kujaribu spika kuanzia saa nne.

Mgebuka Mkavu

Sisi wa Kigoma tunasoma tu tunacheka. Watu wa Tabora mnataka kumlisha mzee wa reli kuku? Mpandisheni treni aje mwisho wa reli, ashuke stesheni ya Kigoma aone ziwa, tumpe samaki wetu mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo. Stesheni yetu nayo ni ya Mjerumani na ni nzuri kuliko yenu.

Mwana Gengi

@Mgebuka Mkavu Kigoma anaijua kuliko wewe, njia ya Kaliua mpaka Uvinza ameitembea kwa miguu. Na magoti ya sasa hayataki behewa.

@Jikoni Kwangu Mungu akubariki, hilo la kiti nisingelifikiria.

Mgebuka Mkavu

Basi nampa salamu zake. Uvinza si mchezo.

Mwalimu wa Zamu

Niongeze kidogo, maana vijana mnachukulia lile jengo kama hoteli tu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na hoteli ile inahesabiwa kuwa ya huo 1914. Maana yake ilikuwa mpya kabisa pale Wabelgiji walipouchukua mji kwa Wajerumani, Septemba 1916. Kisha akaja Mwingereza. Kwenye reli ya Mwingereza kila kitu kilikuwa na madaraja: mabehewa, nyumba za kuishi, hata mahali pa kunywa chai. Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Mzee wako alianza kazi baada ya Uhuru, hakuna aliyemzuia mlangoni. Lakini waliomfundisha kazi, manyapara wake, waliishi ndani ya mambo hayo, na mtu hurithi sehemu za kutokanyaga hata kama hakuna kibao cha kumkataza. Ndiyo maana nikisikia "nimepita nje ujana wangu wote" simchukulii kama anayelalamika, wala kama anayeomba. Anaeleza ramani yake ya mji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Msimpeleke mara ya kwanza siku ya shughuli. Kabla ndugu hawajafika, mchukue wewe peke yako siku ya kawaida, saa kumi hivi, mkanywe chai barazani. Chai tu. Akae, aangalie dari, aangalie mbao, aulize maswali yake ya ufundi. Siku ya chakula atakuwa ndiye mwenyeji, atawaonyesha wajukuu wapi pa kunawa. Ikitokea chai imemshinda, amekaa kama yuko ofisi ya serikali, hapo umejua mapema na hakuna aliyeharibu nauli.

Na akikaa muulizeni mataruma. Reli ya zamani ni ya upana wa mita moja na mataruma ya chuma, hii mpya ya umeme, SGR, ni milimita 1,435 na mataruma ya zege. Mzee wa gengi hawezi kukosa neno hapo. Dada akija na SGR mpaka Dodoma atakuwa na habari za kumpa, mwache yeye ndiye aziulize.

Chumvi Nyingi

Mwalimu umenilainisha. Lakini la simu nabaki nalo: picha moja ya familia, mpigiwe na mhudumu, simu zirudi mifukoni. Mtu anatafuna kwa magego, mjukuu kamwekea kamera usoni, haifai.

Nesi wa Kitete

La sukari mmelipita haraka. Kama Mzee anatumia vidonge au sindano kabla ya kula, msimpe nyumbani saa sita halafu chakula kije saa nane. Sukari itashuka akiwa mezani: jasho, kutetemeka, maneno yanagongana, na nyie mtadhani amechoka na watu. Dawa zake ziende nanyi, azitumie kwa utaratibu aliopewa hospitali, chakula kikiwa kinaonekana kwa macho. Muwe na juisi karibu kwa dharura tu. Ugali kiasi, mboga nyingi. Na asali ya Tabora, najua mtaileta mezani kwa kujisifia, nayo ni sukari.

Mwana Gengi

Wakuu, mrejesho.

Dada alikuwa hajafika ikabidi nimtumie shangazi. Bintimanyema, ulikuwa umekaa jikoni kwetu nini? Mama kamwambia shangazi kwamba gauni alilonalo la maana ni lile la harusi ya kaka, na zipu imekufa. Kitenge kimeshanunuliwa, kiko kwa fundi. Habari za mbolea sijazisikia tena, ingawa sasa ameanza kuuliza kama hotelini wanajua kupika kisamvu au wanakichemsha tu.

Chai tumekunywa. Mzee alivaa kanzu na koti. Dakika za mwanzo alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi, akimjibu mhudumu "ndiyo mkubwa" wakati kijana mwenyewe ni wa kumzaa mimi. Nikaanza kujuta. Kisha treni ya mizigo ikapiga honi upande wa stesheni. Akasikiliza, akavaa kofia, akaegemea, akaniambia hiyo imebeba mzigo mzito kuliko inavyotakiwa. Kuanzia hapo chai vikombe viwili, na mhudumu akaelezwa habari za mafuriko ya Kilosa na jinsi njia ilivyokuwa inasombwa. Choo kakiona, ngazi kazipanda mwenyewe kwa mkongojo.

Meneja nimeongea naye. Alhamisi, meza ya nje, viti vya mbao, kuku wawili na kisamvu, birika na beseni. Laki mbili inatosha na chenji ya bajaji inabaki.

Limebaki moja. Wakati wa chai Mzee aliingiza mkono mfukoni kutaka kulipa. Ana pensheni yake na hakubali watoto walipe mbele yake. Siku hiyo akiona bili ya watu saba itakuwaje?

Bintimanyema

Mama kitenge rangi gani? Nauliza tu.

Kiloleni Junior

Lipa kabla, mwambie ni ofa ya hoteli kwa wastaafu wa reli.

Mwalimu wa Zamu

Usimdanganye mzee wa reli. Atarudi wiki ijayo na wastaafu wenzake kumi kudai ofa.

Jikoni Kwangu

Hiyo ndogo. Chakula maliza kukilipia Jumatano jioni, risiti ibaki kwako. Soda za wajukuu na chai ya mwisho usizilipie. Mwambie mhudumu aziandikie bili yake peke yake, aiweke mbele ya Mzee, si katikati ya meza. Na umwambie awe na chenji, maana wazee wa pensheni hutoa noti kubwa.