Barua ya shule kuhusu mwaka 2027: gumzo la wazazi wa darasa la tano na la sita

Katibu wa kamati: Ndugu wazazi, habari za jioni. Barua waliyokuja nayo watoto leo inasema kwamba mwakani darasa la sita na la saba, ambayo yatamaliza pamoja, yataunganishwa katika vipindi vya marudio, kwamba shule inakusudia kufungua kidato cha kwanza Januari 2028, na kwamba mikataba ya walimu wanne wa darasa la saba haitaongezwa itakapokwisha Desemba mwakani. Maoni yapokelewe kwa maandishi kabla ya kikao cha Jumamosi.

Mama Rehema: Naomba kueleweshwa. Rehema yuko la tano, nami nilijipanga kwa darasa la saba mwaka 2028. Kwa nini madarasa mawili yamalize pamoja?

Baba Zawadi: Mama Rehema, elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 walianza na mtaala ulioboreshwa, kwa hiyo watamaliza wakiwa la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne wakati huo walibaki na mtaala wa zamani, nao watamaliza la saba mwaka huohuo. Kwangu jambo hili limeingia ndani ya nyumba, kwa kuwa Zawadi yuko la sita na mdogo wake yuko la tano, na wote wawili watahitaji ada na sare za kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja.

Hilo la ada nitalibeba. Linaloninyima usingizi ni kuunganisha madarasa. Jana usiku walikaa meza moja wakifanya kazi za nyumbani, mdogo akamwomba dada yake msaada wa Jiografia na Mazingira. Zawadi alifungua kitabu chake cha Maarifa ya Jamii, akapekua mpaka mwisho, akakifunga na kusema, "Sisi hatujasoma hivi." Hata Uraia na Maadili anayosoma mkubwa, kwa mdogo ni Historia ya Tanzania na Maadili. Sasa mwalimu mmoja atasimama mbele ya madarasa mawili na kurudia mada zipi?

Mama Rehema: Nimekuelewa, Baba Zawadi. Ahsante sana.

Babu Imani: Wanangu, nimefundisha shule za msingi hadi nilipostaafu. Mihtasari miwili, yaani miongozo miwili ya mada za kufundisha, maana yake ni maazimio ya kazi mawili, yaani mipango miwili ya kufundisha ya mwaka, na maandalio ya somo mawili kila siku. Hisabati mnaweza kuwaunganisha kwa baadhi ya mada, lakini masomo ya jamii hayaunganishiki, na mtoto atakayepoteza muda ni yule ambaye mada yake haifundishwi saa hiyo.

Mama Yusufu: Shikamoo Babu. Mimi naomba tuwatazame na hao walimu wanne. Naelewa kwamba sekondari inataka mwalimu mwenye stashahada au shahada, na wengi wa walimu wetu wana cheti. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba Desemba hana kazi ataanza kutafuta pengine mapema, na akipata nafasi mwezi wa saba ataondoka, wakati mtihani wa Taifa kwa kawaida huwa Septemba. Mwalimu wa Hisabati haweki alama ya kosa tu kwenye daftari la Yusufu, kwa kalamu nyekundu huandika, "Umepotea hatua ya pili, anzia hapa." Mtu wa namna hiyo hatumpati katikati ya mwaka. Tena, ikiwa huku ni kupunguza wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awape taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao kabla. Barua haisemi kama wamezungumza nao.

Babu Imani: Marahaba, mwanangu. Waombeni wakurugenzi wa shule wawasomeshe stashahada wale walio tayari, wabaki nao sekondari, na wengine wahamishiwe madarasa ya chini.

Katibu wa kamati: Nimeandika hoja mbili: marudio yatenganishwe kwa masomo yenye mihtasari tofauti, na hatima ya walimu iamuliwe pamoja nao kabla ya Januari. Baba Zawadi, tafadhali njoo Jumamosi na vitabu vya watoto wote wawili.

Baba Zawadi: Nitakuja navyo, pamoja na madaftari.