Nikiingia godauni wote kimya, nitajuaje kosa langu?

kijana_wa_stoo: Wakuu habari zenu, mimi ni supavaiza wa godauni hapa Dar, nina watu 9 chini yangu, huu mwezi wa tano tangu nipewe cheo. Nikiwa nje nawasikia wanapiga stori wanacheka, nikiingia tu kimya. Kikao cha asubuhi nikiuliza kuna shida yoyote, wote "hamna bosi". Juzi mzigo umelowa na mvua, kumbe bati linavuja tangu wiki iliyopita na walijua, hakuna aliyeniambia. Imeniuma sana, mi najiona mtu wa kawaida tu sina makuu. Nifanyeje nijue wananionaje?

Mama Zamu: Pole mdogo wangu. Hilo swali la "kuna shida" kila mtu atakujibu hamna. Kaa na mmoja mmoja muda wa chai, muulize nikiacha kitu gani kazi yako itakuwa rahisi, akishasema mwambie asante na unyamaze, usijitetee hata neno moja. Mimi ni nesi, nimesimamia wodi miaka mingi, siku moja nikaambiwa mtu akinipa ripoti nakunja uso, nikabisha, kumbe ndo navyokuwa nikisikiliza kwa makini na mabinti wapya walikuwa wanaogopa kuniamsha usiku mgonjwa akibadilika. Fikiria hapo.

Msomi_wa_Kata: Anachosema Mama kinaitwa dirisha la Johari, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilitoa 1955. Siyo johari ile ya thamani, ni Joe na Harry wameunganisha majina. Lina vyumba vinne: mnachokijua wote, unachokijua wewe ukakificha, kisichojulikana na yeyote, na kile wenzako wanakiona wewe hukioni. Hicho cha mwisho hata ujitafakari mwezi mzima hukifungui peke yako, lazima uambiwe. Ila watu hawafunguki kwa mtu aliyejifunga, so anza wewe, sema wazi ulipokosea kwenye hilo bati.

kijana_wa_stoo: Nimerudi wakuu. Leo kikaoni nimesema kukagua paa ilikuwa kazi yangu na sikukagua. Kimya kirefu, halafu mmoja akasema alishawahi kuniletea habari ya breki za foklifti nikamjibu "tutaona" huku nachati. Hiyo siku siikumbuki kabisa. Nimemuomba radhi mbele ya wote, foklifti nimeisimamisha, fundi anakuja kesho saa mbili.